Harufu ya shombo inarudi kila baada ya tendo la ndoa, nimeosha hadi nimechoka

Kamwene dada zangu washauri,

Nina miaka 32, nina mume na watoto wawili, kazi yangu ni kuchuma chai huku Mufindi. Shida yangu ni harufu ukeni. Ilianza taratibu msimu wa mvua uliopita, sasa imekomaa. Siku za kawaida naisikia kidogo ninapovua nguo, lakini nikishakutana na baba watoto inatoka harufu kama ya samaki wabichi, inajaa chumba. Siku za hedhi nazo inazidi. Ute ni mwepesi, mweupe unaoelekea kijivu. Hauwashi, wala sisikii maumivu.

Nimeshatumia dawa mara tatu, zote za dukani. Kwanza waliniambia ni fangasi, wakanipa vidonge vya kuweka ukeni siku 3, havikusaidia kitu. Mara ya pili wakasema ni UTI, nikapewa antibiotiki. Harufu ilibaki palepale na muwasho ukaongezeka juu yake, ingawa ulikuja kuisha. Mara ya tatu nikapewa Flagyl vidonge 10. Hapo harufu iliondoka kabisa, nikamshukuru Mungu, lakini baada ya wiki chache ikarudi kama mwanzo.

Nyumbani naosha ndani kwa vidole na sabuni ya kipande asubuhi na jioni, na baada ya tendo natumia maji ya ndimu. Shangazi alinipa shabu. Sasa kuna dada anauza vidonge vya kusafisha kizazi, anataka elfu 35. Nina kitanzi, huu ni mwaka wa tatu.

Mume wangu siku hizi ananipa mgongo. Juzi ameniuliza kama nina mtu mwingine. Sina, na kwa kweli na mimi nimeanza kumfikiria yeye. Wifi yangu anasema mwanamke msafi hatoi harufu. Hospitali naogopa kwenda, nahisi wataniona mchafu. Nifanyeje?

Mchuma chai, Mufindi

* * *

Kamwene, mdogo wetu.

Tuanze na neno la wifi yako, kwa sababu ndilo linalokupeleka kwenye sabuni asubuhi na jioni. Amekosea. Harufu unayoieleza haiji kwa kukosa kuoga. Kwa hali yako, huko kuosha ndani ni sehemu ya kinachoifanya irudi.

Dalili zako zimepangika vizuri sana: shombo la samaki, linalozidi baada ya tendo na siku za hedhi, ute mwepesi wa kijivu, bila muwasho wala maumivu. Zote zinaelekea kwenye hali inayoitwa vajinosisi ya bakteria. Kwenye kadi yako ya matibabu mhudumu ataandika herufi mbili tu, BV. Ni sababu iliyo ya kawaida kuliko zote za harufu ya namna hii kwa wanawake walio katika umri wa kuzaa, na ina dawa. Barua peke yake haithibitishi ugonjwa, kwa hiyo kipimo utakihitaji, tutakieleza. Ila kwanza elewa kinachotokea humo ndani, maana ukikielewa utajua mwenyewe kwa nini kila ulichojaribu kilishindwa.

Ndani ya uke wenye afya wanaishi bakteria wazuri wanaoitwa laktobasili. Wanatumia sukari inayotokana na kuta za uke na kutengeneza asidi ya laktiki, ileile inayochachusha maziwa mgando. Ndiyo maana ute wa kawaida una harufu kidogo ya uchachu, na hiyo si ugonjwa. Asidi hiyo huweka kipimo cha uchachu, kinachoitwa pH (namba ikiwa ndogo, uchachu ni mkali zaidi), kati ya 3.8 na 4.5, na katika uchachu huo bakteria wengi wabaya hawastawi. Laktobasili wakipungua, uchachu unashuka, pH inapanda kupita 4.5, na bakteria wengine waliokuwa wachache wanaongezeka na kujijenga kama utando juu ya kuta za uke. Hao ndio wanaotengeneza kemikali zinazoitwa amini, na amini ndizo zenye shombo. Mahali penye asidi zinatulia. Zikikutana na kitu kisicho na asidi, zinageuka hewa na kupanda puani. Shahawa zina pH ya kati ya 7.2 na 8, damu iko kwenye 7.4. Kwa hiyo harufu inapolipuka baada ya tendo la ndoa au wakati wa hedhi, ni kemia hiyo inayofanya kazi. Si mume aliyeileta usiku ule.

Sasa iangalie sabuni ya kipande. pH yake ni kama 9 hadi 10. Kila unapoiingiza ndani unaondoa ute wenye asidi na kuwaosha hao laktobasili unaowahitaji. Harufu inapungua kwa saa chache, kisha bakteria wabaya wanakuta nyumba haina mlinzi. Unaosha tena. Wanawake wengi wanazunguka kwenye duara hili kwa miaka, na kadiri harufu inavyozidi ndivyo wanavyosugua zaidi.

Mtu atauliza: basi ndimu si ni asidi, kwa nini isisaidie? Kwa sababu ndimu ni kali kupita kiasi, pH yake ni kama 2. Inaunguza ngozi laini ya ndani na kuacha michubuko usiyoiona, halafu inachuruzika na kuisha. Uchachu wa uke unatengenezwa muda wote na bakteria wenyewe, haumiminwi kutoka nje. Shabu inakausha na kubana, ngozi inapasuka wakati wa tendo. Magadi yanapandisha pH moja kwa moja. Kitunguu saumu kinaunguza. Dettol ni ya kusafishia vitu na ngozi ya nje, si humo. Mikoa yetu ya Njombe, Iringa na Mbeya iko juu nchini kwa maambukizi ya VVU, na BV yenyewe tayari inaongeza uwezekano wa virusi kupenya. Ukiongeza michubuko ya ndimu na shabu juu yake, unajiweka pabaya zaidi. Hili tunalisema kwa uzito wote.

Vidonge vya kusafisha kizazi usinunue. Kizazi hakisafishwi, kinajisafisha chenyewe kwa hedhi na kwa ute. Vingi vya hivyo vinaunguza kuta za uke, kisha yanatoka mabonge na utando, na muuzaji anakuambia, "Unaona uchafu ulivyokuwa mwingi?" Kumbe ni ngozi yako na dawa yenyewe. Elfu 35 yako itunze kwa ajili ya nauli, kipimo na dawa.

Kwa nini dawa za dukani hazikukutoa? Ya kwanza ilikuwa ya fangasi. Fangasi ukeni kwa kawaida hawana shombo. Dalili yao kubwa ni muwasho, wekundu, na ute mzito kama mabonge ya maziwa yaliyoganda. Wewe hukuwa na hata kimoja, kwa hiyo dawa ile ilikwenda kumtafuta mtu ambaye hayupo. Ya pili ilikuwa ya UTI. Maambukizi ya njia ya mkojo yanajulikana kwa kukojoa mara kwa mara na mkojo kuchoma, na hiyo hukuitaja. Antibiotiki za kawaida zinaua na laktobasili pia, ndipo fangasi wanapata nafasi. Muwasho ule ulitoka hapo kwa kiasi kikubwa. Ya tatu ilikuwa dawa sahihi kwa kipimo pungufu. Vidonge 10 vya miligramu 200, ukimeza viwili asubuhi na viwili jioni, vinaisha siku ya tatu asubuhi. Bakteria walipungua vya kutosha harufu kupotea, lakini ule utando ulibaki, ukaota upya.

Kwa hiyo nenda kituo cha afya au hospitali ya wilaya yenye maabara. Hadubini wanayopimia malaria inatosha kwa kazi hii. Panga siku ambayo huna hedhi. Siku mbili kabla, usikutane na mumeo, usioshe ndani, usiweke dawa yoyote ukeni. Wengi wanajiosha sana alfajiri ya kwenda hospitali kwa aibu, na hapo ndipo kipimo kinapokosa cha kuona. Nenda na harufu yako kama ilivyo. Mhudumu wa afya ya uzazi anakutana na tatizo hili mara kwa mara, naye anaihitaji harufu hiyo kama taarifa.

Ukifika, sema hivi: "Nina ute wenye shombo, unazidi baada ya tendo, umeshatibiwa ukarudi. Naomba nipimwe ute wa ukeni." Usiseme tu "nina UTI", utapimwa mkojo na kurudishwa nyumbani. Mhudumu ataangalia kwa kifaa cha kufungulia uke na kuchukua ute kwa kijiti cha pamba. Kwenye maabara kuna mambo manne yanayotazamwa: muonekano wa ute, pH kwa karatasi maalumu, shombo linalotoka ute ukidondoshewa tone la potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10, na chembe za ngozi zilizozingirwa na bakteria hadi kingo zake hazionekani vizuri. Matatu kati ya hayo yakiwepo, BV imethibitika. Wakati huohuo wanatafuta trikomonasi, kijidudu kinachotambuliwa kwa kuogelea kwake kwenye tone la maji ya chumvi. Hapa kuna jambo la huku kwetu kwenye baridi: kijidudu hicho kikipoa kinaacha kuogelea, na sampuli iliyokaa mezani inaweza kutoa jibu la "hakuna" wakati kipo. Inafaa kutazamwa ndani ya dakika 10 hivi. Huna haja ya kuona haya kuuliza, "Inapimwa sasa hivi?"

Trikomonasi tunaitaja kwa makusudi, kwa sababu nayo ina harufu mbaya na mara nyingine hukaa pamoja na BV. Ute wake mara nyingi ni wa njano au kijani, unaweza kuwa na povu, na kunakuwa na muwasho au kuchoma. Huo ni ugonjwa wa zinaa. Mwanaume anaweza kuwa nao kwa miezi bila dalili yoyote, na lazima wote wawili watibiwe. Kwa kuwa umeshakwenda, omba pia kipimo cha VVU na kaswende.

Ikithibitika ni BV, dawa ya kawaida ni metronidazole, hiyohiyo Flagyl: miligramu 400 mara mbili kwa siku kwa siku 7. Hesabu vidonge kabla hujaondoka dirishani. Vya miligramu 400 ni 14. Vya miligramu 200 ni 28. Pungufu ya hapo, uliza kwa nini. Meza baada ya kula, maana inaleta kichefuchefu, na mdomoni utasikia ladha ya chuma. Mkojo unaweza kuwa mweusi kidogo. Vyote hivyo vinaisha dawa ikiisha. Pombe acha tangu kidonge cha kwanza hadi siku 3 baada ya cha mwisho, kama pakiti inavyotahadharisha, na ulanzi ni pombe, komoni ni pombe. Harufu itaanza kupotea siku ya tatu au ya nne. Hapo ndipo watu wengi wanaacha dawa na kuhifadhi zilizobaki "kwa ajili ya siku nyingine". Meza zote.

Wiki hiyo ya dawa msikutane. Ikishindikana, kondomu kila mara. Ukipewa krimu ya clindamycin ya kuweka ukeni badala ya vidonge, fahamu kuwa ina mafuta yanayodhoofisha mpira wa kondomu, wakati wa kuitumia na kwa siku kadhaa baadaye.

Sasa tuje kwa mume wako, na hili ndilo zito zaidi.

BV haithibitishi kwamba wewe au yeye ametoka nje. Inaweza kumpata mwanamke mwenye mume mmoja asiye na mwingine, na kuosha ndani kunatosha kuichokoza. Hata hivyo, kusema mwanaume hahusiki kabisa si kweli tena. Kwa miaka mingi wanawake waliambiwa mume hana haja ya kutibiwa, huku zaidi ya nusu wakirudiwa na tatizo ndani ya mwaka mmoja. Machi 2025 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Australia kwa wanandoa na wapenzi wasio na wenza wengine. Kundi moja mwanamke alitibiwa peke yake. Kundi la pili mwanaume naye alimeza metronidazole miligramu 400 mara mbili kwa siku na kupaka krimu ya clindamycin ya asilimia 2 kwenye uume mara mbili kwa siku, siku 7, wakati uleule mke anatibiwa. Baada ya wiki 12, BV ilikuwa imerudi kwa asilimia 63 ya wanawake waliotibiwa peke yao, na kwa asilimia 35 ya wale ambao waume zao walitibiwa. Tofauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba utafiti ulisimamishwa kabla ya muda. Maana yake ni kwamba bakteria hao wanakaa pia kwenye ngozi ya uume na ndani ya njia ya mkojo ya mwanaume, naye anawarudisha bila kujua na bila kuumwa.

Si kila kituo kimeanza kutibu waume kwa namna hii, na krimu yenyewe unaweza kuikosa nje ya famasi kubwa za Iringa au Mbeya mjini. Lakini wewe umesharudiwa, kwa hiyo una sababu ya kumuuliza daktari wazi: "Mume wangu naye anaweza kutibiwa pamoja nami?" Usimnunulie mwenyewe dawa dukani. Krimu au jeli ya clindamycin ya chunusi si ile, nguvu yake ni tofauti.

Namna ya kumwambia nayo ina wakati wake. Usimwambie usiku kitandani, wala akiwa ndiyo kwanza ametoka kukuuliza kuhusu mtu mwingine. Mchana, mkiwa wawili, watoto hawapo: "Baba watoto, hii harufu nimeambiwa ni bakteria waliovuruga uchachu wa mwili wangu. Haitokani na mtu mwingine. Wanaweza kukaa kwako pia bila wewe kuumwa, ndiyo maana nikipona inarudi. Naomba twende wote." Akikataa kwenda, atumie kondomu, tendo bila shahawa kugusa uke linapunguza kurudi kwa tatizo. Na kama kipimo kitaonyesha trikomonasi, kisonono au klamidia, mazungumzo yatakuwa mengine, na hapo mhudumu anaweza kuwaita wote wawili na kuzungumza nanyi bila wewe kubeba maneno hayo peke yako.

Kitanzi. Vitanzi vya shaba vimehusishwa na BV inayojirudia, na vinaweza kurefusha au kuongeza hedhi, yaani siku nyingi zaidi za damu kuvuruga uchachu. Hiyo haimaanishi ukitoe kesho. Tibiwa kwanza kwa dozi kamili pamoja na mumeo. Tatizo likiendelea kurudi, zungumza na mhudumu wa uzazi wa mpango kuhusu kubadili njia. Sindano na vijiti havijaonekana kuongeza BV. Usivute nyuzi mwenyewe.

Kuosha kuanzia leo ni nje tu. Maji safi ya vuguvugu na kiganja, pitisha kwenye mikunjo ya mashavu ya uke, kutoka mbele kwenda nyuma, mara moja au mbili kwa siku. Sabuni iishie kwenye nywele na mapaja. Vidole visiingie. Baada ya tendo kojoa, kisha osha nje kwa maji. Wiki ya kwanza bila sabuni utahisi kama huoshi kabisa. Vumilia, ndiyo wiki laktobasili wanaanza kurudi.

Kazini kwenu kuna jambo jingine. Umande na mvua ya Mufindi vinawafanya mvae plastiki kiunoni, taiti chini yake, na sketi au suruali nzito juu. Jasho linanaswa humo kutwa nzima. Jasho la mikunjo ya mapaja lina harufu yake kali, na wanawake wengi wanaidhania ya ukeni. Njia ya kutofautisha ni rahisi: jioni futa mkunjo wa paja kwa kitambaa safi, unuse, kisha nusa ute ulio kwenye chupi. Kama ukali uko kwenye mkunjo, tatizo ni jasho na litaisha kwa kuoga na kubadili nguo. Vyovyote iwavyo, chupi iwe ya pamba, isibane, na uwe na ya pili kwenye mfuko uibadilishe mchana, hasa ukilowa.

Mwezi wa sita na wa saba nguo hazikauki huku juu. Ukungu unakaa hadi saa nne, na wengi wanaanika chupi ndani, nyuma ya mlango au chini ya nguo nyingine kwa aibu. Chupi inayovaliwa na unyevu inapata harufu ya uvundo na kukaribisha fangasi wa ngozi. Anika juani jua linapotoka, hata ukiifunika kwa khanga nyepesi. Jua lisipotoka, ikaushe karibu na jiko kisha ipige pasi ya mkaa hadi ikauke kabisa, zaidi pale kwenye kitambaa cha katikati. Vitambaa vya hedhi vifue kwanza kwa maji baridi, kwa sababu maji ya moto yanagandisha damu kwenye nyuzi, halafu sabuni, suuza vizuri, anika, piga pasi. Pedi au kitambaa badili kila baada ya saa 4 hadi 6, hata siku ambayo damu ni kidogo.

Zipo harufu ambazo si za kusubiri. Harufu ya kitu kilichooza, kali kuliko shombo, mara nyingi inatokana na kitu kilichosahaulika ndani: kipande cha pamba, kondomu iliyochomoka, tamponi. Nenda ukatolewe siku hiyohiyo. Harufu pamoja na maumivu ya tumbo chini ya kitovu au homa inaweza kuwa maambukizi yaliyopanda kwenye kizazi na mirija. Damu ya uzazi ikianza kunuka vibaya ndani ya wiki 6 baada ya kujifungua au baada ya mimba kutoka, ni dharura. Harufu ya mkojo isiyoisha na chupi inayolowa bila kujijua, hasa baada ya uchungu wa muda mrefu, inaweza kuwa fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke, nayo inatibika kwa upasuaji. Mjamzito mwenye shombo asinyamaze, kwa kuwa BV imehusishwa na kujifungua kabla ya wakati; metronidazole ya dozi ya siku 7 anaweza kupewa, ila fluconazole ya kumeza, dawa ya fangasi, asijinunulie. Na mtoto wa kike akitoa ute wenye harufu, mpeleke hospitali bila kumgombeza: anaweza kuwa ameingiza kitu, au kuna mtu aliyemfanyia jambo ambalo hajaweza kulisema.

Halafu kuna saratani ya mlango wa kizazi. Hatusemi unayo. Lakini ute wenye harufu mbaya pamoja na damu baada ya tendo, damu katikati ya hedhi moja na nyingine, au damu kwa mama aliyekwisha koma hedhi, unahitaji kuangaliwa mapema. Una miaka 32, umeshaingia umri wa uchunguzi, unaoanzia 30 kwa walio wengi na mapema zaidi kwa wanaoishi na VVU. Mhudumu anapaka asidi ya asetiki ya asilimia 3 hadi 5 kwenye mlango wa kizazi, anasubiri dakika moja, anatazama kama kuna sehemu zinazogeuka nyeupe. Kama una BV siku hiyo, atakutibu kwanza na kukupangia tarehe ya kurudi. Itunze tarehe hiyo. Na kwa kuwa asidi hiyo inafanana na siki, baadhi ya wanawake wameichukua kama dawa na kwenda kujioshea siki nyumbani. Ni kipimo tu, hakitibu, na siki ukeni inaunguza kama ndimu.

Ukimaliza siku 7 na harufu ikaisha, huna haja ya kupimwa tena kwa BV. Kama ilikuwa trikomonasi, rudi upimwe baada ya miezi 3. Harufu ikirejea, usianze tena na duka la dawa. Rudi palepale na kadi yako, na ujibu kabla hujaulizwa: ulimeza vidonge vingapi, mume alitibiwa au la, mlitumia kondomu, kuosha ndani umeacha tangu lini, na kitanzi kipo. Kwa majibu hayo daktari anaweza kukupa dozi ndefu zaidi, kubadili dawa, au kukuandikia jeli ya metronidazole ya asilimia 0.75 ya kutumia mara mbili kwa wiki kwa miezi kadhaa ili kuizuia. Jeli hiyo kijijini haipatikani kirahisi, kwa hiyo muulize pia ni famasi gani mjini inayo kabla hujapanda gari.